Baada ya Viazi

Jumapili, 18 Agosti

Naanza daftari hili kwa sababu moyo umejaa na sina wa kumwambia. Normand mume wangu, ukimweleza jambo refu, anasinzia. Mungu nimeshamweleza, ila nadhani hatachukia nikiliandika pia.

Leo baada ya Misa Kocha Bouchard alitusubiri nje ya kanisa. Ndiye anayewafundisha watoto mbio za nyika shuleni, na hesabu pia. Mimi napika jikoni kwenye shule hiyohiyo, kwa hiyo namfahamu: mwembamba, mwenye haraka, anakula amesimama. Sikuwahi kumpenda sana. Nilimwona ni mtu anayedhani dunia nzima ni uwanja wa mazoezi.

"Mama Aline," akasema, "Harrowby wamejibu. Wamezipitia alama za binti yako, hawana neno naye."

"Kwa hiyo ameingia!"

"Hapana, hapana. Ngoja nikueleze."

Akanieleza palepale, jua likituchoma. Harrowby ni chuo kilichoko Massachusetts, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka huku kwetu kaskazini. Ni cha watoto wenye vichwa vizuri, na wengi mno wanaoomba hurudishwa. Hakimlipi mtu kwa kukimbia, lakini mtoto akishaingia wanaitazama hali ya wazazi na kumsaidia. Sasa kocha wa pale, mama mmoja anaitwa Brigham, kila mwaka anaruhusiwa kupeleka majina machache ofisi ya udahili na kusema: hawa nawataka. Jina lako likipelekwa, mlango umekaribia kufunguka. Lisipopelekwa, unasimama foleni na dunia nzima.

"Na jina la Aline litapelekwa?"

"Anamtaka. Lakini anawataka wasichana wengi kuliko nafasi alizo nazo. Sasa anatazama nani anamtaka na yeye."

"Kama uchumba," nikasema.

"Kama uchumba, Mama Aline, ila mposaji ana wasichana ishirini na pete nne."

Aline alikuwa kando, anachora chini kwa ncha ya kiatu. Ana miaka kumi na saba. Alianza kukimbia akimfukuza mbwa wetu aliyeiba soseji, na nadhani hajasimama tangu siku ile.

Jumatano, 21 Agosti

Mvua. Rozari moja kwa ajili ya Harrowby. Jina gumu kulitia kwenye sala.

Jumamosi, 31 Agosti

Mashindano ya kwanza. Ameshinda. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, na mama mmoja wa timu nyingine akanipa pipi ya koo.

Jumapili, 8 Septemba

Kocha Brigham alipiga simu mwenyewe. Aline akaiweka simu mezani tusikie sote. Sauti ya mama yule ni laini, haina maringo. Amemwalika Aline chuoni kuanzia Ijumaa tarehe 27 mpaka Jumapili: alale bwenini na wasichana wa timu, ale nao, akimbie nao. Kocha Bouchard alishatuambia maana yake. Mwisho wa ziara kama hiyo kocha anamkalisha msichana chini na kumuuliza: nikipeleka jina lako, utaomba kwetu peke yetu? Ukisema ndiyo, umeshavishwa pete.

Simu ilipokatwa Aline alicheza jikoni na kitambaa cha vyombo kichwani.

"Mama, wana maktaba inayokaa wazi mpaka alfajiri!"

"Ya nini? Huko watu hawalali?"

"Mama!"

Jioni alimpigia kocha wa chuo kingine aliyekuwa akimtaka tangu majira ya joto, akamwambia asimsubiri. Alisema si vizuri kuwashika watu wawili. Nilifurahi kwamba nimemlea vizuri.

Halafu nikaangalia kalenda, nikaona tarehe 27 imeangukia katikati ya mavuno. Nilijiambia kufikia hapo tutakuwa tumesogea.

Jumapili, 15 Septemba

Shule zimefungwa kwa mavuno, wiki tatu, kama kila mwaka hapa bondeni. Kesho tunaingia shambani kwa Léo, mdogo wake Normand. Ndiyo ardhi iliyobaki ya baba yao. Normand anaendesha mashine ya kuvunia. Mimi, Aline na wanawake wawili tunasimama juu yake kwenye ukanda, tunatoa mawe na madongo viazi vikipita. Gérard, kibarua wa Léo, anaendesha lori kupeleka ghalani. Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu mmoja akikosekana, wote wanasimama.

Jumatatu, 16 Septemba

Viazi.

Jumanne, 17 Septemba

Viazi. Mgongo.

Alhamisi, 19 Septemba

Viazi. Aline anakimbia jioni baada ya kazi, vumbi bado liko masikioni. Nimemfunikia chakula. Huku kwetu wakati wa mavuno anayechelewa hasubiriwi mezani, lakini sahani yake inafunikwa na kuwekwa pembeni mwa jiko. Hata akija saa ngapi, ataikuta ina joto.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua. Mashine imezama topeni mpaka kwenye mhimili wa magurudumu.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua. Padre ameombea mashamba. Watu waliitikia amina kwa nguvu kuliko siku ya Pasaka.

Jumatatu, 23 Septemba

Gérard aliteleza akishuka kwenye lori lenye tope, akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa chini akiwa mweupe kama unga na kusema, "Msinililie, nililieni lori." Hakuna mwingine wa kuliendesha. Léo alitutazama mmoja mmoja, kisha akamtupia Aline funguo. Léo mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwaka jana.

Redio inasema mwisho wa wiki kutakuwa na jalidi kubwa, baridi ile ya kugandisha ardhi. Kiazi kikishikwa na jalidi kikiwa ardhini kinaozea ghalani, na kinaozesha jirani zake. Nusu ya shamba bado.

Jumanne, 24 Septemba

Kocha Bouchard alikuja shambani na viatu safi. Léo alimwona tangu mbali.

"Tazama viatu hivyo! Kocha, umekuja kuvuna au kupiga picha ya harusi?"

"Nimekuja kuongea na Mama Aline."

"Ongea upesi, ukanda hausubiri. Au unataka tubebe viazi mikononi tukivipeleka ghalani mbio?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nilicheka. Kocha akanivuta nyuma ya lori, mashine ikinguruma.

"Ijumaa anaondoka, sivyo?"

"Gérard ameumia. Huenda tukasogeza mbele kidogo."

"Usisogeze, Mama Aline."

"Kwani huyo mama ametaja siku ya mwisho?"

"Hawa hawataji siku. Wanatazama pete zilizobaki."

"Ni wiki moja, Kocha."

"Nitampeleka kwa gari langu. Tuondoke Alhamisi."

"Na lori ataendesha nani?"

Akalitazama lori, akautazama na usukani. "Mimi siwezi," akasema taratibu. Nikamwona ni mtu wa shule tu, anatia chumvi. Nikarudi kwenye ukanda. Léo aliniuliza anataka nini yule, nikamwambia mambo ya mbio. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuendelea.

Jumatano, 25 Septemba

Jioni Aline alikaa mezani na simu mbele yake.

"Nikienda, Mama, lori litasimama."

"Litasimama."

"Na jalidi ikija?"

Nilikuwa naosha bakuli, nikaliosha tena. Normand akasema, "Uamuzi ni wako, binti," na akaenda kulala, maana mgongo wake haumruhusu kukaa.

Akapiga.

"Kocha, nataka sana kuja. Ninataka kuliko kitu chochote. Nitakuja baada ya viazi."

"Baada ya… viazi?"

"Mavuno. Mwendesha lori wetu ameumia. Ni wiki moja, labda na siku mbili tatu."

"Aa. Nakuelewa kabisa, Aline. Familia kwanza. Nitafute mkimaliza."

Nilimbusu kichwani, nywele zinanuka udongo. Nasema kweli, nilijaa fahari. Nilijiambia, sasa yule mama amejua binti yangu ni mtu wa namna gani. Amesema anaelewa. Amemfunikia sahani yake.

Ijumaa, 27 Septemba

Viazi. Jalidi haijaja. Nimeomba: Bwana, izuie.

Jumamosi, 28 Septemba

Viazi. Aline anaimba ndani ya lori, tunamsikia akipita. Bwana, izuie.

Jumapili, 29 Septemba

Misa ya asubuhi, kisha viazi. Padre ameruhusu. Mawingu yametanda, hayo ndiyo yanayotukinga na jalidi. Bwana, izuie.

Jumanne, 1 Oktoba

Izuie, Bwana. Siku mbili tu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumemaliza! Léo alipiga honi ya lori mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Nilipika supu ya kuku na ployes, zile chapati zetu za unga wa nafaka iitwayo buckwheat, nyumba nzima ikala. Léo alimbeba Aline begani. "Dereva wangu! Huyu hapa! Harrowby gani? Mpeni leseni ya treni!"

Ijumaa, 4 Oktoba

Asubuhi nilifungua mlango, nchi yote nyeupe. Jalidi. Ilisubiri mpaka tukatoa kiazi cha mwisho, ndipo ikaja. Nilipiga magoti palepale kwenye baraza nikalia kwa shukrani, aproni ikalowa.

Mchana Aline akapiga simu. Alikuwa ameosha nywele na kuvaa sweta lake zuri, kana kwamba kocha atamwona.

"Kocha, tumemaliza. Naweza kuja wiki ijayo, hata kesho."

"Aline, nafurahi umepiga," akasema yule mama, na mimi, kwa jinsi alivyovuta pumzi, nikajua. Aline bado alikuwa anatabasamu. "Nikuambie ukweli bila kuzunguka. Wikendi ile walikuja wasichana wengine. Mmoja alinipa jibu kabla hajaondoka. Nilikuwa nimebakiwa na jina moja tu."

"Lakini nilisema nitakuja."

"Ulisema, na sikusahau. Ila miaka yangu yote, msichana akisogeza ziara, huwa ni kukataa kwa upole. Nikadhani umepata pengine."

"Haikuwa kukataa."

"Sasa najua. Samahani sana. Bado unaweza kuomba kama wengine, na nitafurahi ukiomba. Ila jina sina tena."

Aline alisema asante. Asante, Kocha. Akaiweka simu mezani polepole, kama mtu anayelaza yai.

"Mama, sikueleza vizuri?"

"Ulieleza vizuri."

"Nilisema baada ya viazi."

"Ulisema, mwanangu."

Akavua sweta, akalikunja, akalirudisha kabatini.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa. Sikuimba.

Jumatano, 9 Oktoba

Shule imefunguliwa. Kocha Bouchard alikuja jikoni watoto walipokwisha kula. Alivuta kiti, akakaa. Sijawahi kumwona amekaa. Nilimpa chakula na kusubiri aseme, "Nilikwambia." Nilitaka aseme, ili nimchukie.

"Nimemwandikia Brigham," akasema. "Nimemweleza mavuno ni nini huku. Akajibu vizuri. Karibu alie, yule mama. Lakini majina yameshafika ofisini, hayabadilishwi." Akakizungusha kijiko. "Mimi ndiye wa kulaumiwa. Ningempigia siku ileile, badala ya kuja kukusumbua wewe shambani. Nilidhani anajua. Mimi nimezaliwa hapa, Mama Aline. Hata mimi nilidhani mtu akiambiwa mavuno, anajua."

Alikula chakula chote. Alipoondoka niligundua sikuwa na hasira ya kumpa mtu yeyote, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili, 13 Oktoba

Léo alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Huyu ni mtu anayefanya utani hata msibani.

"Shemeji, ni kweli? Gérard amenisimulia. Ati ilikuwa wikendi ileile?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungefanya nini, Léo? Jalidi ilikuwa inakuja."

"Ningesimamisha mashine!" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa sababu Aline alikuwa chumbani. "Siku tatu, Shemeji. Ningeziacha siku tatu. Jalidi ingechukua kilicho chake. Ni viazi! Viazi, kila mwaka vipo!"

Nilimwamini. Miaka yote nimemjua Léo, na nilikuwa nimeamua kwa niaba yake kwamba atakasirika, bila hata kumuuliza.

Aline akatoka. Léo akajaribu kumtania, "Dereva wangu," kisha akashindwa kuendelea. Aline ndiye aliyemkumbatia. "Basi, baba mdogo. Basi." Kama vile yeye ndiye mtu mzima.

Jumatatu, 21 Oktoba

Upepo. Anakimbia kila siku.

Jumapili, 27 Oktoba

Ameomba Harrowby hivyohivyo, ile njia ya mapema ambayo ukichukuliwa huruhusiwi kwenda kwingine. Kocha Bouchard alimwambia bila jina ni vigumu sana. Akajibu, "Najua, Kocha. Ila nilisema nitakuja."

Jumamosi, 2 Novemba

Mashindano ya jimbo, kusini. Baridi kavu, nyasi zinavunjika chini ya viatu.

Nilimwona Kocha Brigham kabla sijaambiwa ni yeye. Alisimama kwenye kamba na koti lenye jina la chuo, mama wa makamo kama mimi, mikono mfukoni. Alikuja kumwona Tamsin Sewall, msichana wa shule ndogo ya pwani. Ndiye huyo aliyetoa jibu kabla hajaondoka.

Walitoka msituni wawili wao, mbali mbele ya wengine. Tamsin mbele, Aline nyuma yake hatua chache. Nimemwona mwanangu akikimbia mara nyingi, lakini sijawahi kumwona na uso ule. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayeeleza jambo kwa makini ili aeleweke. Kilima cha mwisho akampita, akaendelea kumwacha, akamwacha, na Léo, aliyesafiri usiku kucha ili awepo, akawa anapiga mayowe, "Dereva wangu! Dereva wangu!" huku machozi yanamtoka hadharani.

Ameshinda jimbo zima.

Tamsin alipofika alianguka mikononi mwa Aline. Ni mtoto mzuri, amejaa madoadoa usoni. "Umeniua kabisa, dada!" akasema akihema na kucheka. "Kocha amesema umeomba Harrowby! Tuwe chumba kimoja, tafadhali!" Hajui. Hakuna aliyemwambia. Aline akamjibu, "Ningependa sana," na akamsaidia kusimama.

Kocha Brigham akaja. Alimshika Aline mikono yote miwili. "Sijaona mbio kama hizi," akasema, bila kumwachia. Mimi nilikuwa nimebeba maneno yangu tangu nyumbani, safari nzima nimeyapanga. Nikamtazama macho yake mekundu, maneno yakanitoka kichwani. Nilimpa ploye iliyokunjwa na siagi, kutoka kwenye kopo langu, kwa sababu alikuwa anatetemeka na baridi. Akaila yote.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Theluji. Normand alisema sala kwa ajili yetu sote, mimi sikuweza kuongeza kitu.

Ijumaa, 13 Desemba

Jibu limekuja leo, kwenye kompyuta, tukiwa jikoni. Aline alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti mstari mmoja, kwamba mwaka huu wameletewa maombi mengi yenye ubora kuliko nafasi walizo nazo. "Mengi yenye ubora," akarudia, akafunga kompyuta.

Normand alitoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Nilitaka kumwambia kitu cha Mungu, maana ndicho nilicho nacho. Nikakosa. Wiki nzima ile ya mavuno niliomba baridi isubiri, nayo ikasubiri, siku baada ya siku, mpaka mstari wa mwisho. Nilipewa nilichoomba. Haikunipitia kichwani, hata mara moja, kumwombea yule mama asubiri. Nilidhani ameshasema atasubiri.

Aline akavaa viatu vya kukimbia. Desemba huku jua linazama watoto wakitoka shuleni, kwa hiyo kila majira ya baridi mimi huendesha gari nyuma yake, taratibu, taa zikimulika barabara. Nikachukua funguo. Tukatoka.

Alikimbia kidogo tu, mpaka lilipoishia shamba la Léo. Pale akapunguza. Akawa anatembea, mikono imening'inia, mvuke unamtoka mdomoni, shamba lote jeupe kushoto kwake. Nilimsubiri aanze tena. Hakuanza. Nilishusha kioo.

"Ingia, mwanangu, utapoa."

"Acha kwanza, Mama. Nitembee."

"Nizime taa?"

Alifikiri. "Hapana. Niwashie."

Basi nikamwashia. Nikaendesha kwa mwendo wa miguu yake, njia nzima mpaka darajani na kurudi, na sikumwambia aharakishe. Nyumbani, pembeni mwa jiko, sahani yake nilikuwa nimeshaifunika.